Bomu la kupasulia Kitonga



Wiki iliyopita basi letu kutoka Mbeya lilikwama Kitonga zaidi ya saa mbili. Lori limelala kwenye kona, kama mnavyopajua. Abiria mmoja akachoka: "Si wapige bomu moja la nyuklia hapa, mlima upasuke, barabara inyooke!" Basi zima likacheka.

Mimi sikucheka sana. Wazo hilo liliwahi kuwekwa mezani na wasomi kabisa. Mwaka 1963 Wamarekani walipanga kuzika mabomu 22 ya nyuklia kwenye milima ya Bristol, California, wapitishe barabara na reli. Mwaka mmoja kabla walishajaribu Nevada: bomu la Sedan, lililozikwa chini ya ardhi, lilichimba shimo lenye upana wa mita 390 hivi na kina cha karibu mita 100. Kazi ya sekunde tu! Ila vumbi lenye mionzi lilipeperuka hadi Iowa. California wakaishia kujenga barabara yao bila bomu.

Na sisi tulikuwemo kwenye hesabu. Ibara ya 5 ya Mkataba wa NPT, ulioanza kutumika 1970, iliahidi kwamba nchi zisizo na silaha hizo zitafaidi milipuko "ya amani", tena kwa bei nafuu. Mwaka huohuo ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa. Kati ya Mlimba na Makambako Watanzania na Wachina walitoboa milima kwa baruti, sururu na jasho. Ilichukua miaka, na reli ile iligharimu maisha ya watu. Lakini mkulima wa Makambako hajawahi kujiuliza kama mahindi yake yana mionzi ya reli.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Njia ya mkato ina mtu anayeilipia, na mara nyingi si yule aliye ndani ya basi. Chini ya Kitonga kuna Ruaha Mbuyuni, watu wanalima vitunguu. Vumbi lingemwangukia nani?

Bahati nzuri Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika 2009, unakataza mlipuko wowote wa nyuklia Afrika, uwe wa vita au wa "amani".

Kitonga inatutesa, tudai barabara salama bila kuchoka. Ila tuchimbe kwa kitu ambacho wajukuu hawatakirithi kwenye udongo.

Naomba kuwakilisha.