Njia ya ziwani isizikwe kwa tope la ujenzi

Leo nazungumzia jambo ambalo huenda wakubwa wataliona dogo: njia ya kuteremkia ziwani. Nazisema zile njia za umma zinazoachana na barabara kuu namba 3, ile ya Bujumbura kwenda Rumonge hadi Nyanza-Lac, na kuishia kwenye mchanga wa Tanganyika. Hazina lami wala mlinzi. Lakini ndizo anazopita mama mwenye beseni la ndagala alfajiri, mchukuzi wa madumu ya mawese, msafiri anayesubiri boti, na watoto wanaokwenda kuoga Jumapili.

Mojawapo, kusini mwa jiji, naifahamu vizuri kwa kuwa nimeipita kwa miaka mingi. Sasa imekuwa korongo. Upande wa mlimani pamefunguliwa kiwanja kikubwa cha ujenzi. Tingatinga limeondoa miti na majani yote, na udongo wa misingi umerundikwa pembeni bila kizuizi. Mtaro haukuchimbwa. Mvua ikinyesha, maji hutafuta penye mteremko ulio wazi, napo ni njia yetu. Katikati yake mtu mzima akisimama anazama hadi kiunoni, na chini, pale boti zilipokuwa zikipakia, tope jekundu limefunika mchanga.

Hesabu yake si ngumu. Paa la mita 10 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 50 hutoa lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Zidisha kwa nyumba 30, halafu ongeza nyua zilizosakafiwa kwa saruji. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinyonywa na ardhi yenye majani. Siku hizi yanashuka yote kwa pamoja, tena kwa kasi, yakibeba kila yanachokikuta.

Wapo wanaosema kosa ni la ziwa lenyewe. Ni kweli ziwa limepanda. Aprili 2024 maji yake yaliingia katika mitaa na barabara za Bujumbura, na hasara kila mtu aliiona. Lakini wimbi hula ufuo kuanzia chini, na korongo hili linaanzia juu, kwenye ukingo wa kiwanja. Ziwa lisisingiziwe kazi ya tingatinga.

Na madhara hayaishii njiani. Mwaka 1993 mtaalamu Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu tope linaloingia Tanganyika, wakaonyesha kwamba penye tope jingi aina za viumbe vya majini hupungua. Samaki wengi wa ukingoni hula na kutaga kwenye mawe. Mawe yakifunikwa, hawana mahali. Nchi nne zinazochangia ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza huko Dar es Salaam mwezi Juni 2003. Saini hizo zina thamani gani kama mtaro wa mita chache unatushinda?

Mfanyabiashara wa mpakani anaielewa hasara hii kuliko mtu yeyote. Mzigo usioweza kushuka kwa miguu unazungushwa kwa gari hadi mwalo mwingine, na nauli hiyo hailipwi na mwenye kiwanja. Inatoka katika faida ya yule mama, ambayo tangu hapo ilikuwa ndogo.

Kwa ndugu zetu waliorudi kutoka ukimbizini, ufuo una uzito mwingine. Mwaka 2015 maelfu walivuka hadi Kagunga, wakakaa juu ya mawe na mchanga wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Wengi waliorudi baadaye hawakukuta shamba la kutosha, na ziwa likawa ndilo shamba. Ukiwafungia njia, umewafungia jiko.

Sheria tunayo. Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kando ya Tanganyika kuwa mali ya umma. Lakini maji hayapimi mita. Kiwanja kinaweza kuwa nje kabisa ya ukanda huo na tope lake likaishia ndani. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo pana pengo, na kibali cha ujenzi kingeliziba: mtu asianze msingi kabla mtaro wake haujaonekana kwa macho. Wala sheria isiwe kali kwa aliyerudi na turubai lake huku ikimlegezea mwenye saruji.

Kwa njia hii ninayoisema, mwenye kiwanja achimbe mtaro upande wa juu, na shimo la kutulizia tope kabla maji hayajatoka. Mabati yawekewe mifereji na matangi. Korongo lizibwe kwa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, kisha zijengwe ngazi za mawe hadi mchangani, yote kwa gharama ya aliyeharibu. Ofisi ya tarafa isimamishe ujenzi hadi kazi hiyo iishe, nayo iishe kabla mvua kubwa hazijarudi. Na siku ya ukaguzi waitwe wenye boti na akina mama wa ndagala, wateremke na mizigo yao kichwani, maofisa wakitazama.