Mapafu ya mbwa: pika kwanza, halafu panga bei

Leo naongelea chakula cha mbwa. Mkimaliza kucheka, nendeni bucha la jirani mkaangalie mapafu na bandama vinaishia wapi.

Huku kwetu Getanuwas mbwa sio pambo. Analala na mbuzi na kondoo, na fisi akisogea yeye ndiye wa kwanza kubweka. Malipo yake ni ukoko wa ugali, na siku ya kuchinja anarushiwa mapafu mabichi. Mimi msimamo wangu ni huu: mfanyabiashara asigawe wala kuuza mapafu mabichi ya mbwa. Apike, auze kilichoiva.

Sababu ni hii. Ukipasua mapafu au ini la kondoo, wakati mwingine unakuta vifuko vyenye maji. Humo mna tegu wachanga. Mbwa akila kibichi, tegu wanakua tumboni mwake na mayai yanatoka na kinyesi, mengine yananata kwenye manyoya. Mtoto anamshika mbwa, anakula bila kunawa, basi. Kifuko kinaota kwenye ini au mapafu ya mtu, kinakaa miaka kimya, na mara nyingi mwisho ni kupasuliwa. Waturkana wa Kenya wameumia sana na ugonjwa huu. New Zealand walipiga marufuku kumpa mbwa viungo vibichi vya mifugo, wakawapa mbwa dawa za minyoo, na mwaka 2002 wakatangaza, kwa masharti, kuwa hawana tena ugonjwa huo.

Sasa jikoni. Sufuria na kisu viwe vya kazi hiyo tu. Mapafu yanaelea, kwa hiyo kata vipande vidogo, funika, geuza geuza. Maji yakishachemka hesabu dakika 30. Kwenye supu hiyohiyo songa dona iwe laini, tia majani ya maboga. Kitunguu hapana, hata kitunguu saumu, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa pia hapana, inavunjika na kuwa na ncha kali. Maganda ya mayai yaoshe, yakaushe, yatwange yawe unga, kwa sababu nyama haina kalsiamu ya kutosha. Ini liwe kidogo tu, likizidi vitamini A inamdhuru mbwa. Ingawa ini tunagombania wenyewe, sidhani litamfikia!

Hesabu yangu: mapafu kilo 2 shilingi 3,000, dona kilo 3 shilingi 3,600, kuni 1,000. Jumla 7,600. Inatoka kama kilo 12. Nusu kilo nauza 500, ikiisha yote ni 12,000. Sio hela ya kujengea, ila mteja wa chakula cha mbwa anaondoka pia na chumvi na sabuni.

Wapo wanaosema mfugaji wa kijijini hawezi kumnunulia mbwa chakula. Mbona dawa ya kuogeshea kondoo ananunua? Muulize kondoo mmoja akiliwa na fisi anapoteza shilingi ngapi, halafu mtajie 500.

Kama huna friji, pika siku ya kuchinja tu na uuze siku hiyohiyo. Na ukikuta vile vifuko, usitupe nyuma ya bucha. Choma, au chimba shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua.