Zimwi Tumeliua, Sikio Tumelisahau

Hivi ni nani aliyewadanganya vijana wenzangu kwamba utenzi mrefu ni mali ya wazee wa pwani? Kila tukikaa kijiweni hapa Choma tukaanza habari za uandishi, hakosi mmoja wa kudakia: "Achana na hayo, mshikaji. Beti elfu moja nani atasoma?"

Jamaa huyo huyo anaghani albamu nzima ya rapu bila kukosea neno. Sasa tatizo ni urefu au ni uvivu?

Hoja yao ya pili eti visa vya kale havina jipya, maana mwisho wake unajulikana. Jamani! Fumo Liyongo anajulikana kwamba atachomwa sindano ya shaba kitovuni, tena na mwanawe mwenyewe. Muhamadi Kijuma aliyatungia utenzi mwaka 1913 na mpaka leo unasomwa. Unajua atakufa, lakini kila ubeti unaomsogeza yule mtoto karibu na baba yake unakukaba koo. Utamu ndio huo. Bwana Mwengo wa Pate naye, katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, aliuchukua msafara wa Tabuk, ambao katika historia uliisha bila mapigano, akaujaza vita kwa beti zaidi ya 1,000.

"Hayo ya pwani. Sisi Wanyamwezi na Wasukuma tuna nini?"

Tuna Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote akabaki mama mmoja mjamzito. Akazaliwa Masala Kulangwa, akakua akiuliza watu wako wapi. Akiua panzi anampelekea mama: ndilo hili? Akiua ndege: ndilo hili? Mwishowe akaliua zimwi lenyewe, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Ila kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, na bibi yule badala ya kushukuru akataka kumroga aliyemkomboa.

Sisi tunaisimulia kwa nusu ukurasa, na chini yake "funzo". Zimwi linakufa, watu wanashangilia, basi. Sikio tumelitupa! Na mimi nasema hadithi yote imo kwenye lile sikio. Aliyekombolewa anadai alichopoteza, na mkombozi ana damu ya watu wake kwenye kisu. Nani katika Afrika hii iliyopata uhuru hajui habari hiyo? Shairi la beti nne lina nafasi ya kuua zimwi tu. Kesi ya sikio inataka utenzi, mizani nane kila mstari, na kile kina cha mwisho kinachorudi ubeti hadi ubeti mpaka msikilizaji anakingoja.

Naomba nieleweke: sipingi mashairi huru. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alitufungulia mlango. Lakini kufungua mlango mmoja siyo kupigilia misumari mwingine.

Babu zetu walibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, miezi njiani, huku wakiimba. Leo mjukuu anaogopa beti mia tatu!

Mwenye bibi aende akamsikilize sasa, maana bibi hangoji. Mimi nimeshaanza. Niko ubeti wa sitini na zimwi bado linapumua. Anayenipinga na aje na beti zake.