Daftari la Pampu

Wakulima wa skimu, kanuni za nishati za mwaka 2012 ziliagiza kila kiwanda cha Kenya kitumiacho umeme yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kikaguliwe kila miaka 3, na angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa itekelezwe. Kiwanda chenye utaratibu wa mazingira, kama ule uitwao ISO 14001, hakina sababu ya kumwogopa mkaguzi, maana hupima, huandika na kusahihisha siku zote.

Kanuni hizo hazimhusu mwenye pampu ya ndizi Taveta, wala ya mboga Voi. Lakini desturi yenyewe yafaa kuigwa. Je, pampu yenu ya ushirika hunywa lita ngapi za dizeli kwa eka moja? Wengi hawajui. Siku ya mchango ndipo lawama huanza, na mwendesha mashine huitwa mwizi. Pengine hakuiba kitu: chujio limeziba matope, bomba lavuja, au shamba lanyweshwa saa saba mchana, jua kali.

Nunueni daftari moja tu. Andikeni tarehe, saa za kazi, lita, na eka zilizonyweshwa, nalo lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Lita zikizidi na eka ni zile zile, kagueni bomba kwanza kabla ya kumfukuza mtu.