Neno la Mhariri: Dirisha Kubwa, Pazia Zito

Ukipita Zuzu, magharibi mwa jiji la Dodoma, saa nane mchana mwezi Oktoba, nyumba nyingi mpya utazikuta zimefumba macho. Madirisha ni ya futi 5 kwa 5, mengine futi 6, fremu za aluminiamu na vioo vya rangi ya moshi, na nyuma ya kila kioo pazia limevutwa mpaka mwisho. Ndani taa inawaka na feni inazunguka. Kituo cha kupoza umeme cha Zuzu kipo papo hapo, nguzo zake zinaonekana kwa mbali, lakini hatudhani nyaya zote zile zilivutwa ili watu wawashe taa jua likiwa utosini.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya nyumba, na tunalifungua na pazia kwa sababu pazia ndilo linaloumbua ramani. Dodoma inajenga madirisha isiyoweza kuyaishi, halafu inalipia kitambaa cha kuyaziba.

Wala asilaumiwe anayenunua. Ingia nyumba yoyote ya aina hiyo ulitazame pazia kwa karibu. Upande wa kioo limepauka, kahawia imekuwa kama chai ya maziwa. Upande wa sebule rangi bado ni ile ya dukani. Chini, kwenye pindo, kuna mstari wa vumbi jekundu usiotoka hata kwa sabuni. Reli ya dirisha imejaa mchanga laini, kioo kinasukumwa kwa mikono miwili. Mama mwenye nyumba amekunja ncha ya pazia akaichomeka kwenye nondo, apate kaupepo kidogo bila jua kumfikia mtoto aliyelala kwenye kochi. Hiyo nayo ni kazi ya usanifu, ila inafanywa na mtu ambaye hakuulizwa ramani ilipochorwa.

Gharama yake si ndogo. Muuza mapazia akija kupima hachukui upana wa dirisha peke yake. Anauzidisha mara mbili, wakati mwingine mbili na nusu, ili marinda yakae vizuri. Dirisha la futi 6 linakula kitambaa cha futi 12 au 15 kwa upana, bado neti ya ndani, fimbo, ringi na mshono. Nyumba ya vyumba vitatu ina madirisha yasiyopungua saba. Kuna wanaohamia na mashuka yakiwa yamepigiliwa misumari, wakisubiri mshahara.

Hali ya hewa ya huku haina siri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo huja kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ukavu, jua kali na upepo wa mashariki unaobeba udongo. Julai usiku baridi inashuka hadi nyuzi 13, na Novemba mchana joto linapita 30. Wagogo waliijibu hali hiyo kwa tembe: ukuta wa miti na udongo, paa bapa la udongo mzito, nyumba fupi iliyozunguka ua, na mwanga ukiingia kwa mlango. Udongo ule hupokea joto la mchana taratibu na kuliachia usiku, wakati watu wanalihitaji. Pazia la dirishani halikuwapo kwa kuwa dirisha lenyewe halikuwapo.

Hatusemi turudi kwenye tembe. Ndani kulikuwa na giza na moshi, na bwana afya aliyedai madirisha hakukosea: kifua kikuu huenea kwa urahisi pale hewa isipopita. Kampeni za nyumba bora za miaka ya 1970 zilikuwa na hoja ya haki. Tatizo ni kwamba dirisha lililofungwa na kuzibwa kwa kitambaa kizito halipitishi hewa hata kidogo, na hilo la kusukuma, likifunguliwa lote, linaacha wazi nusu tu. Madirisha ya zamani ya mbao, yale ya mabawa mawili, yalifunguka yote. Tumenunua ukubwa tukapoteza upepo.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na miaka mitatu baadaye mji ukapata mpango kabambe uliochorwa na kampuni ya Kanada. Kwa miongo mingi ujenzi ulikwenda kwa kusuasua. Baada ya Serikali kuanza kuhamia kweli mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, viwanja vilipimwa kwa kasi na mji ukasambaa kuelekea kata za pembezoni, Zuzu ikiwamo. Ramani nyingi zilikuja na watu kutoka Dar es Salaam, ambako unyevu hufanya upepo utafutwe kwa kila hali. Hapa upepo huja na vumbi. Ramani haikubadilishwa.

Mfasiri wetu, katika ukurasa wa lugha, amelifuatilia neno la Kiingereza la pazia hadi kwenye Kifaransa akakuta mlolongo: rideau ni pazia la kawaida, voilage ni lile jepesi la kupitisha mwanga, store ni la kukunja au kuteremsha, na volet ni ubao wa kufunga dirisha kwa nje. Tumevutiwa na hilo la mwisho. Kusini mwa Ufaransa, kiangazi, watu hufunga volet mchana na kuzifungua jioni. Wanajua kwamba jua likishapita kwenye kioo, joto limekwisha kuingia chumbani. Kitambaa cha ndani kinazuia mwanga, joto linabaki na wewe. Kivuli kinatakiwa kiwe nje ya kioo.

Na kivuli cha nje hapa si anasa. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua halilali sana upande wowote. Mwezi Juni, linapoegemea kaskazini kuliko wakati wote, upenu wa futi 3 unatosha kulifunika dirisha la futi 5 saa sita mchana. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zenye shida, maana huko jua huja chini chini na upenu hauliwezi. Huko pawekwe choo, stoo, kabati, ama baraza. Na katika mkoa unaojulikana kwa zabibu, kichanja cha mzabibu mbele ya dirisha la magharibi kisingemshangaza mtu.

Msomaji mwenye kiwanja ambaye bado hajachimba msingi, tunakuomba jambo moja. Nenda kiwanjani saa kumi jioni pamoja na mchoraji wako, simameni pale sebule itakapokuwa, mtazame jua linatokea wapi. Dirisha kubwa likiwa limechorwa upande huo, mwambie alihamishe sasa, wakati bado ni mstari kwenye karatasi.