SHERIA NA HESABU: JIBU KWA WANAOTAKA ZITENGWE

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu nipate kuwajibu ndugu wasemao kwamba kijana, au karani aliye kazini, akitaka kusoma sheria pamoja na uhasibu katika digrii moja, ni mtu mwenye tamaa na majivuno, naye mwisho wake atakosa yote mawili. Maneno haya twayasikia barazani na mikutanoni, na wayasemao si wajinga. Kwa hiyo yastahili kujibiwa kwa hoja wala si kwa hasira. Walakini nasema wazi tangu mwanzo kwamba shauri lao si jema, na likifuatwa, watakaoumia si mawakili wala si wakubwa, bali sisi makarani, pamoja na fedha ya wananchi tuliyokabidhiwa.

Hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe. Hati ya malipo ipitapo mezani pa karani wa hesabu, huonekana kuwa jambo la tarakimu tupu: jina la mlipwaji, kiasi, fungu, na sahihi. Kumbe kila mstari wa hati ile umesimama juu ya sheria. Je, fungu hilo limeidhinishwa na Bunge? Je, mkataba uliotajwa ulitiwa sahihi na mwenye mamlaka? Je, zabuni ilifuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2011? Je, kodi ya zuio imekatwa ipasavyo? Karani ajuaye kujumlisha tu aweza kufunga daftari lake bila kosa la senti moja, na huku amevunja sheria mara tatu. Na mkaguzi ajapo hamwulizi alijumlishaje; amwuliza alilipa kwa mamlaka gani. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 imeweka njia ya kumlipisha mtumishi hasara iliyotokana na kosa lake, wala sheria haimsamehe mtu kwa kuwa hakuisoma. Basi nawauliza ndugu zangu: ni tamaa mtu kutaka kuijua sheria itakayomhukumu?

Wala upungufu huu si wa wahasibu peke yao. Mwanasheria asiyejua hesabu naye ni kama nahodha asiyejua kina cha maji. Mfano twaujua sote. Mwaka 1995 TANESCO ilifunga mkataba wa kununua umeme wa kampuni ya IPTL, wa mtambo wa megawati 100 huko Tegeta, Dar es Salaam. Katika bei hiyo yalikuwamo malipo ya kuuweka mtambo tayari, ambayo hulipwa hata umeme usipotumika, na hesabu yake ilitazama mtaji wa wenye kampuni. Ubishi ukazuka hapo hapo: fedha waliyoileta wenye kampuni ilikuwa mtaji wa kweli, au ilikuwa mkopo? Mtaji hudai faida, mkopo hudai riba, na tofauti yake ni fedha nyingi mno. Mwaka 2006 fedha iliyobishaniwa ikaanza kuwekwa katika akaunti maalumu ya Benki Kuu. Mwaka 2013 ikatolewa. Mwaka 2014 baraza la usuluhishi la kimataifa, ICSID, likaamua kwamba malipo yale yahesabiwe upya. Na Novemba mwaka huo Bunge letu likashindana siku nyingi juu ya neno moja: je, fedha ile ni ya umma au ni ya kampuni?

Sasa nambieni: swali la mtaji au mkopo ni swali la sheria au la hesabu? Mwanasheria atafungua mkataba, naye hatapata jibu mpaka asome mizania. Mhasibu atafungua mizania, naye hatapata jibu mpaka asome mkataba. Ikiwa hakuna mezani hata mtu mmoja awezaye kusoma vyote viwili, kila mmoja atamwamini mwenzake kwa lile asilolijua, na nchi italipa.

Wengine husema kwamba kuunganisha elimu hizi ni jambo geni lililobuniwa jana. La. Wahasibu wa Edinburgh, huko Uskoti, walipopata hati ya kifalme ya chama chao mwaka 1854, sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa ya mahakama: hesabu za waliofilisika, za mirathi, na za mali ya amana. Hata leo Chuo Kikuu cha Edinburgh hufundisha sheria na uhasibu katika digrii moja. Na katika bara letu hili Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika ya Kusini, kina digrii yake ya miaka 5 iziunganishazo.

Kwetu sisi elimu hizi zilitengana kwa sababu ya historia tu, wala si kwa hekima ya mtu yeyote. Makarani waliokusanyika na Martin Kayamba huko Tanga mwaka 1922 kuanzisha chama cha watumishi Waafrika walijua daftari na barua vizuri sana, lakini kanuni zilizowahukumu ziliandikwa na kufasiriwa na wengine. Utawala ule ulitaka mikono ya kujumlisha. Haukuwafungulia watu wa Tanganyika mlango wa chuo cha sheria nchini mwao. Kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU, nacho ndicho kilichokuwa kitivo cha kwanza cha chuo kikuu chetu. Bodi ya wahasibu ikaja kwa sheria ya mwaka 1972, na mwaka huo huo kikaundwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Basi zikasimama nyumba mbili, kila moja na mlango wake na ufunguo wake, na sisi tulizaliwa tukazikuta hivyo, tukadhani kwamba ndiyo maumbile ya dunia.

Nazijia sasa hoja tatu za wapinzani wetu.

Ya kwanza ni methali: mshika mawili moja humponyoka. Nao huongeza mfano wa mwaka 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalipotangazwa, na kati ya wanafunzi 633 waliofaulu bila kurudia mtihani walikuwa 26 tu. Wasema: kama sheria peke yake yawaangusha watu hivi, itakuwaje ukiwabebesha na uhasibu? Lakini mfano huu wawageukia wenyewe. Wale 607 waliobaki, wa kurudia na wa kuondoka, hawakuelemewa na hesabu. Walikwenda pale na digrii ya sheria. Basi ugonjwa wao usitafutwe katika elimu ambayo hawakuisoma. Na kwa habari ya methali, tunayo nyingine: kidole kimoja hakivunji chawa.

Ya pili husemwa na ndugu waliolelewa misheni kama mimi, watuleteao neno la Injili juu ya mtumwa na mabwana wawili. Mimi nawakumbusha mfano mwingine wa Injili hiyo hiyo, wa yule wakili dhalimu. Bwana wake alimdai hesabu. Naye akawaita wadeni, akamwamuru wa mafuta aandike 50 mahali pa 100, na wa ngano aandike 80 mahali pa 100. Je, alichokichezea ni hesabu au ni hati ya deni? Ni vyote viwili kwa kalamu moja! Na tazameni neno lenyewe. Kiswahili chamwita mtu yule wakili, jina lile lile la msimamizi wa mali na la msemaji wa mahakamani, kwa kuwa wazee wetu walimjua mtu mmoja tu: yule aliyekabidhiwa mali ya mwingine, ambaye sharti aitetee na aitolee hesabu. Basi sheria na hesabu si mabwana wawili. Ni watumishi wawili wa bwana mmoja, naye ni amana.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, nami naiheshimu. Wasema kwamba wanasheria na wahasibu hulindana kwa kuwa mbalimbali, na ukiwaunganisha, mwizi atakuwa na kinga ya pande mbili. Ni kweli kwamba Enron ilipoanguka huko Marekani mwaka 2001, na wakaguzi wake Arthur Andersen wakaporomoka nyuma yake, Marekani ilitunga sheria mwaka 2002 ya kumkataza mkaguzi asiifanyie kazi za sheria kampuni ile ile anayoikagua. Lakini angalieni: kilichotengwa pale ni kazi, si elimu. Mkaguzi hakukatazwa kuijua sheria. Alikatazwa kukaa viti viwili kwa mteja mmoja. Mimi nami nataka viti vitengwe. Lakini mlinzi asiyejua lugha ya anayemlinda hamlindi. Amekaa tu mlangoni.

Lakini tusidanganyane. Digrii hiyo si leseni. Atakayeipata bado atakwenda Taasisi ndipo awe wakili, na bado atafanya mitihani ya Bodi ndipo awe mhasibu aliyethibitishwa. Ni njia ndefu, wala si ya kila mtu. Na aitakaye kwa ajili ya herufi za kuandika nyuma ya jina lake, heri apumzike. Lakini leo karani atakaye elimu zote mbili humaliza digrii moja, kisha huanza nyingine tangu mwanzo, akifundishwa tena mikataba, makampuni na kodi alizokwisha kuzisoma, na ada akiilipa mara mbili. Kupinga digrii moja ni kumhukumu mtu huyo asome mambo yale yale mara mbili kwa mshahara ule ule.

Kwa hiyo naomba Chama chetu kitoe sauti juu ya mambo matatu. Kwanza, viandikiwe vyuo vyetu ili vifundishe elimu hizi mbili pamoja, na masomo ya jioni yawepo kwa walio kazini. Pili, tudai ruhusa ya masomo kwa makarani wa hesabu, si kwa maofisa tu. Tatu, muundo wa utumishi umtambue mwenye elimu zote mbili, asirudishwe kwenye kiti kile kile kana kwamba hakwenda popote.

Hayo yatachukua muda. Lililo mikononi mwetu ni hili: kila tawi likutane mara moja kwa mwezi, mwenzetu mmoja asome kifungu cha sheria, mwingine afungue leja, na tuulizane. Hilo halihitaji kibali cha mtu, na hoja za ukaguzi za mwaka ujao hazitatungoja.

Ni mimi karani mwenzenu,
MSHIKA DAFTARI