Uaminifu usiishie mpakani



Nina dukuduku kuhusu mpango wa forodha wa kuwatambua wafanyabiashara waaminifu.

Mpango huu ulipata nguvu mwaka 2005, Shirika la Forodha Duniani lilipopitisha viwango vya kulinda na kurahisisha biashara. Mfanyabiashara anayefuata sheria, anayetunza hesabu vizuri na kulinda ghala lake hupewa cheti, na mizigo yake hupunguziwa ukaguzi. Nchi mbili zikikubaliana, cheti cha upande mmoja huheshimiwa upande wa pili. New Zealand na Marekani zilitangulia kukubaliana hivyo mwaka 2007. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki nayo inao mpango wa namna hiyo.

Nauunga mkono, kwani Jumuiya ina sheria moja ya forodha, ile ya mwaka 2004. Haifai mtu awe mwaminifu saa nne asubuhi, akivuka mpaka saa tano awe mshukiwa.

Swali langu ni hili: sisi wadogo tuko wapi? Nimeuza vitunguu ng'ambo ya mpaka kwa miaka kumi na miwili, wala sijakutwa na magendo. Lakini mwaka jana lori tulilokodi watu watano lilizuiwa siku mbili. Magunia yote yakashushwa, mvua ikanyesha, tisa yakaoza. Kosa halikuonekana, na hakuna aliyetufidia. Malori ya makampuni makubwa yalipita huku tukiyatazama.

Ni kweli ipo hati nyepesi ya uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Lakini hati hiyo hueleza bidhaa ilikotoka tu. Haisemi mwenye mzigo ni mtu wa namna gani.

Napendekeza vyama vya ushirika vya wafanyabiashara wadogo navyo vipewe cheti. Chama kitunze hesabu, kiwe na ghala, na kiwadhamini wanachama wake.

Wapo watakaosema samaki mmoja akioza wote wameoza. Nami nasema cheti si kufumba macho. Ukaguzi wa kushtukiza ubaki pale pale, na atakayedanganya afutwe siku hiyo hiyo katika nchi zote za Jumuiya.

Wanaohusika watufikirie. Uaminifu haupimwi kwa ukubwa wa lori.

Muuza Vitunguu,
Arusha.